Sarafu Isiyo na Mwenyewe: Kwa Nini Serikali Zinaitilia Shaka



Mada tunayoizungumzia leo haikubuniwa na Tume. Imetoka kwenu. Katika ziara zetu za mwaka jana maparokiani swali hili lilitujia mara mbili katika kikao kimoja, kutoka kwa watu wawili walioketi benchi moja.

Wa kwanza alikuwa mama mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Alisimulia jinsi kijana mmoja, mwenye maneno mazuri na simu ya bei kubwa, alivyowashawishi wageuze sehemu ya akiba yao iwe Bitcoin. Kwa miezi miwili walionyeshwa tarakimu zikipanda. Mwezi wa tatu simu ya kijana ikawa haipatikani. "Tumeambiwa tusamehe, nasi tumesamehe," alisema mama yule, "lakini serikali ilikuwa wapi?"

Wa pili alikuwa kijana aliyemaliza chuo bila kupata ajira, ambaye huwaandikia kazi wateja walio ng'ambo, nao humlipa kwa sarafu hizo hizo. Alisimama kwa adabu, akamwomba mama yule radhi kabla ya kusema, kisha akasema: "Mimi nataka kujua serikali inaogopa nini. Malipo yangu hunifikia kwa muda mfupi, na njiani hakuna mtu wa kumpa kitu kidogo."

Tuliwauliza waliokuwapo wanaonaje, tukakuta nyumba imegawanyika. Wako waliosema kwamba kitu ambacho serikali inakitilia shaka hakika ni kibaya, kwa maana serikali ina wataalamu. Wengine wakasema kinyume: serikali hii tunayoijua ikichukia kitu, basi kitu hicho kina heri ndani yake. Sisi tuliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zimepita njia ya mkato. Shaka ya serikali ni kama mlinzi wa usiku. Kabla hujamsifu wala kumlaumu yakupasa kuuliza anailinda nyumba ya nani. Tumekuja kuulizana swali hilo pamoja nanyi.

Daftari bila mweka hazina

Tuanze na jambo mnalolijua. Kila chama kina daftari, na daftari lina mtunzaji. Mweka hazina akiandika kwamba fulani ameweka shilingi 500, basi ameweka; akikosea au akifuta kwa makusudi, amani ya chama imevunjika. Kwa sababu hiyo vyama vingi vimejifunza kuwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu, na kusoma hesabu kwa sauti mbele ya wote.

Sasa wazieni chama ambacho kila mwanachama ana nakala yake ya daftari, na hakuna mstari unaokubaliwa katika nakala moja bila kukubaliwa katika nyingine. Mweka hazina hahitajiki tena. Atakaye kughushi hana budi kuwashinda nguvu wanachama zaidi ya nusu, kwa wakati mmoja, huku wote wakitazama. Wazo hilo ndilo lililoandikwa mwaka 2008 katika waraka wa kurasa tisa uliotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto, jina ambalo hadi leo hakuna aliyethibitisha ni la nani. Januari 2009 daftari likafunguliwa kwenye kompyuta. Takriban kila dakika kumi ukurasa mpya huongezwa, na kompyuta iliyofaulu kuufunga ukurasa huo hulipwa sarafu mpya. Malipo hayo hupungua kwa nusu takriban kila miaka minne, na idadi yote ya Bitcoin haitazidi milioni 21. Hapana waziri, gavana wala bunge linaloweza kuiongeza kwa tangazo. Baada ya Bitcoin zimezuka sarafu nyingine maelfu, nyingi zikiwa za ulaghai mtupu, lakini mfano wake umebaki huo.

Hapa tunapenda kuondoa mkanganyiko mmoja, kwani tumeukuta kila mahali. M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, siyo sarafu ya namna hii. M-Pesa ni shilingi ile ile iliyovikwa nguo nyingine: kwa kila shilingi iliyo katika simu yako kuna shilingi iliyowekwa benki kwa amana. Kuna kampuni yenye jengo, wakurugenzi na leseni. Mwishoni mwa mwaka 2008 Wizara ya Fedha ilipopata wasiwasi juu ya huduma hiyo, iliagiza ikaguliwe, ikakaguliwa. Serikali ilijua mlango wa kubisha. Bitcoin haina mlango.

Sarafu na kodi

Mwenye kutaka kuelewa hofu ya serikali ayatazame kwanza mapenzi yake. Watawala wameipenda sarafu tangu zamani. Masultani wa Kilwa, karne nyingi kabla ya Mreno kufika, walifua sarafu zao za shaba zenye majina yao. Sarafu yenye jina la mtawala ilikuwa tangazo lililotembea mfukoni mwa kila mfanyabiashara: huku ndiko mkono wangu ufikako.

Wakoloni walilitumia jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walipoleta kodi ya vibanda katika nchi hii, hawakuhitaji kumbembeleza mkulima aipende rupia. Walimwambia tu kwamba kodi hulipwa kwa rupia. Mwenye mbuzi, mahindi na afya njema, ambaye hakuwa amehitaji rupia hata moja, ikambidi aende kwenye shamba la mzungu kuitafuta. Wazee wetu waliifahamu siri ya fedha kwa migongo yao kabla wasomi hawajaiandika: fedha huwa fedha kwa sababu mtoza kodi anaipokea, na anayeamua kodi italipwa kwa nini ndiye anayeamua watu wafanye kazi gani. Katika Injili, swali la kodi lilipoulizwa kwa hila, jambo la kwanza lililotakiwa ni kuonyeshwa sarafu na kutazama sura iliyo juu yake. Sura ile ilikuwa sehemu ya jibu.

Benki Kuu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1966 na shilingi yetu ikachukua nafasi ya ile ya Afrika Mashariki, watu walishangilia kwa haki. Nchi ilikuwa imepewa usukani wake. Benki Kuu yaweza kupandisha au kushusha riba, kuitegemeza shilingi inapoyumba, kuikopesha benki iliyoishiwa ili wenye akiba wasipoteze vyote, na kuikopesha serikali mwaka wa ukame. Yote hayo huwezekana kwa sababu fedha iko mkononi mwake. Ikiwa siku moja mishahara, bei za unga na akiba za watu zitahesabiwa kwa sarafu isiyoongezeka wala kupungua kwa amri ya mtu, usukani huo utabaki unazungushwa bila gari kugeuka. Hiyo ndiyo hofu ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ingawa haitajwi sana katika matangazo ya umma. Tena, tukisema kweli, si hofu ya kipuuzi.

Kuna ushahidi mmoja unaotufurahisha kwa jinsi ulivyo wazi. Hadi leo ni mataifa mawili tu yaliyoipa Bitcoin hadhi ya fedha halali ya nchi: El Salvador, Septemba 2021, na Jamhuri ya Afrika ya Kati, Aprili 2022. Yana jambo gani la pamoja? Hakuna hata moja kati yao lililokuwa na sarafu yake lenyewe. El Salvador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2001. Afrika ya Kati inatumia faranga ya CFA, inayosimamiwa na benki moja kwa niaba ya nchi sita. Asiye na usukani haogopi kuupoteza. Na wote wawili wamerudi nyuma. Afrika ya Kati ilifuta hadhi hiyo mwaka 2023, baada ya benki ile ya pamoja kupinga. El Salvador, ikitafuta mkopo wa dola bilioni 1.4 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ilibadilisha sheria yake Januari 2025, hata mfanyabiashara halazimiki tena kuipokea Bitcoin.

Lakini usukani huo umewahi kutugonga

Hatutakuwa waaminifu tukiishia hapo. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 1993. Fedha nyingi zilikuwa zimemwagwa sokoni kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992, na kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikikamua Hazina kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 36 mwishoni mwa 1992 ilipita shilingi 60 mwaka uliofuata. Mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 46. Noti mpya ya shilingi 500 ilipewa na wananchi jina la mwanasiasa, na kicheko kile kilikuwa kilio. Mwalimu aliyekuwa ameweka akiba ya ada kwa miaka mitano aliona thamani yake ikiyeyuka bila mwizi kuvunja mlango. Hakuna aliyemwibia shilingi hata moja; zilikuwa zote, zimekaa kitabuni, hazinunui kitu.

Majirani wa mbali waliona makubwa zaidi. Januari 2009, mwezi ule ule daftari la Bitcoin lilipofunguliwa, Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni mia moja.

Kwa hiyo kijana akisema kwamba anapendelea sarafu ambayo hakuna mwanasiasa awezaye kuichapisha, tusimwite mwasi. Anasema kwa lugha ya kompyuta jambo ambalo mama yake alilisema sokoni mwaka 1993. Serikali inayolalamika kwamba watu hawaiamini fedha yake ingefaa kwanza ikumbuke waliifundishwa wapi tabia hiyo.

Kuna hofu nyingine jirani na hiyo, nayo ni ya mpaka. Nchi nyingi huweka kiasi cha fedha kinachoruhusiwa kutoka. China humruhusu raia kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 tu kwa mwaka. Hatushangai basi kwamba Septemba 2021 benki kuu yake ilitangaza kuwa biashara yote ya sarafu hizi ni haramu. Daftari lililo kila mahali halina kituo cha forodha.

Nigeria inatupa somo lenye pande mbili. Oktoba 2020 vijana waliingia barabarani kupinga ukatili wa kikosi kimoja cha polisi. Baadhi ya waliokuwa wakichangisha fedha za chakula, matibabu na mawakili walisema akaunti zao za benki zimefungwa, wakaanza kupokea michango kwa Bitcoin. Mwezi uliofuata Benki Kuu ya nchi hiyo ilipata amri ya mahakama ya kuzuia akaunti za watu na mashirika kadhaa waliohusishwa na maandamano. Februari 2021 ikaziamuru benki zifunge akaunti za wanaofanya biashara ya sarafu za kidijitali. Sababu iliyotajwa ilikuwa utakatishaji wa fedha haramu na ufadhili wa ugaidi. Sababu hizo zipo duniani, hatuzikanushi. Lakini sisi tunaofanya kazi ya haki na amani hatuwezi kuzisoma tarehe hizo zikiwa zimepangana hivyo bila kuinua nyusi. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 2021 Nigeria ikatoa sarafu yake ya kidijitali, iitwayo eNaira, ambayo daftari lake liko mikononi mwa Benki Kuu. Watu hawakuikimbilia. Desemba 2023 katazo lile la benki likaondolewa.

Tuseme wazi tofauti iliyopo, kwa kuwa mara nyingi hufichwa chini ya neno moja la "kidijitali". Katika sarafu ya namna ya Bitcoin hakuna anayeweza kukufungia, wala hakuna anayeweza kukuokoa. Katika sarafu ya kidijitali ya serikali kuna anayeweza kukuokoa, na ni yule yule awezaye kujua ulinunua nini, kwa nani, saa ngapi. Benki Kuu yetu ilitoa waraka wa maoni juu ya jambo hili mwaka 2022, na mwaka 2023 ikasema halioni kuwa la haraka. Tunaishukuru kwa subira hiyo, na tungependa siku litakaporudi mezani, walei wawe wamekwisha kulielewa.

Nani ataitwa mahakamani?

Turudi kwa mama yetu mweka hazina. Serikali zinaposema zinataka kumlinda raia, hapo zina hoja nzito, tena zina makaburi ya kuonyesha. Februari 2014 soko la Bitcoin la Mt. Gox, lililokuwa Tokyo, lilifunga milango likisema Bitcoin takriban 850,000 zimetoweka. Baadaye zilipatikana kama 200,000. Novemba 2022 soko liitwalo FTX, lenye makao Bahamas, lilianguka kwa siku chache tu na mabilioni ya dola ya wateja hayakuonekana. Mwanzilishi wake alihukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25 nchini Marekani.

Angalieni lakini jambo ambalo watetezi na wapinzani wote hupenda kuliruka. Si daftari la Bitcoin lililovunjwa katika misiba hiyo. Waliovunja amana ni wenye maduka waliosimama katikati, watu waliosema, "Tupe sisi tukuwekee." Sarafu ilibuniwa ili kumwondoa mweka hazina, na watu, kwa kuwa kutunza ufunguo wa siri wa tarakimu na herufi ni kazi ngumu na ukiupoteza hakuna wa kukurudishia, wakaenda wenyewe kumtafuta mweka hazina mwingine asiyejulikana, asiye na leseni, asiyesoma hesabu kwa sauti. Kijana aliyewatembelea akina mama wetu hakuwauzia Bitcoin. Huenda hakuwa nayo hata moja. Aliwauzia picha ya tarakimu kwenye simu yake.

Juu ya wahalifu hatutakaa sana. Ni kweli kwamba soko la dawa za kulevya lililoitwa Silk Road, lililofungwa na polisi wa Marekani Oktoba 2013, lilitumia Bitcoin, na wanaoteka kompyuta za hospitali hudai fidia kwa njia hiyo. Ni kweli pia kwamba daftari hilo liko wazi kwa dunia nzima, hata wapelelezi wamejifunza kulisoma na kuwafuata wezi hatua kwa hatua. Tungefurahi kama madaftari ya baadhi ya wizara zetu yangekuwa wazi nusu ya hivyo.

Bangladesh ya Mombasa

Sasa tunataka kukaa kidogo nyumbani, kwa sababu hapa Pwani shaka ya serikali iliwahi kuvaa sare na kubeba pingu.

Mnaufahamu mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Ni mtaa wa watu wanaofanya kazi kwa bidii na kulipwa leo lakini si kesho. Siku ambayo vibarua wamekosa kazi, shilingi haionekani mtaani. Mama wa chapati amekaa na chapati zake. Mwuza maji ana maji yake. Fundi wa viatu ana mikono yake na uzi wake. Kila mmoja anahitaji alicho nacho mwenzake, na wote wanalala bila, si kwa kukosa mali bali kwa kukosa kile kikaratasi cha kuzungusha mali kutoka mkono hadi mkono.

Mwezi Mei 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa huo, wakisaidiwa na mtaalamu mmoja raia wa Marekani, walizindua vocha za karatasi walizoziita Bangla-Pesa. Vocha hizo zilihesabiwa sawa na shilingi, zikapokelewa na wanachama peke yao, na nguvu yake ilikuwa ahadi: mimi nitaipokea kwa chapati zangu, wewe utaipokea kwa maji yako. Wanachama walidhaminiana. Haikuwa sarafu ya kompyuta, bali ilikuwa na moyo ule ule: fedha iliyozaliwa na watu wenyewe, bila sura ya mtawala.

Kabla mwezi ule haujaisha polisi walifika. Watu sita, raia yule wa Marekani akiwa mmoja wao, walikamatwa na kushtakiwa kwa makosa ya kughushi. Ilidaiwa pia kwamba vocha zile zina uhusiano na kundi lililokuwa likidai Pwani ijitenge. Mama wa chapati, aliyekuwa akitafuta namna ya kupata maji ya kuogesha watoto, akajikuta anatajwa katika habari za kuvunja Jamhuri. Agosti mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliyaondoa mashtaka. Vocha zikarudi, mpango ukaenea katika mitaa mingine, na baadaye ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, ukitumia daftari la pamoja la namna tuliyoieleza. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kilishirikiana na mpango huo katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na Kisauni, ili watu waliofungiwa kazi waendelee kubadilishana chakula na huduma.

Tukio hili limetufikirisha sana. Benki Kuu ilikuwa na haki ya kuuliza vocha zile ni nini. Kama kila mtaa ungechapa karatasi bila kipimo, nani angemlinda wa mwisho kuzishika? Hilo ni swali la halali na lingeweza kuulizwa kwa barua, kwa kikao, hata kwa mkaguzi. Lakini kwa maskini swali lilikuja kama kamatakamata, tena kwa wiki chache tu. Wenye kuvuna akiba za wajane kwa tarakimu za uongo huchukua miaka kabla ya kuulizwa lolote. Tofauti ya mwendo huo yatuonyesha mlinzi wa usiku alikuwa amesimama mlango wa nani.

Mtoza ushuru alitangulia

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kwamba Bitcoin si fedha halali na kwamba atakayepata hasara hatakuwa na pa kukimbilia. Tangazo lilikuwa la kweli. Likabaki tangazo kwa karibu miaka kumi.

Katikati ya miaka hiyo, katikati ya 2023, maelfu ya vijana walipanga foleni jijini Nairobi, wengine kwenye Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ili mashine ipige picha mboni za macho yao. Mradi wenyewe uliitwa Worldcoin, na malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, foleni ikiwa imekwisha kuwa ndefu. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe. Katika jambo hili tunasema bila kusita kwamba shaka ya serikali ilikuwa ya haki, na ilichelewa.

Lakini tazameni mpangilio wa sheria zenyewe. Septemba 2023 ilianza kutozwa kodi ya asilimia 3 kwa kila uhamisho wa mali za kidijitali. Sheria ya kuzisimamia kampuni za biashara hiyo, inayozitaka ziwe na leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ilitiwa sahihi Oktoba 2025. Kodi ile ya asilimia 3 ilikuwa imekwisha kuondolewa miezi michache kabla, mahali pake ikawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na kampuni hizo. Yaani kwa miaka miwili kitu ambacho serikali haikukitambua ilikitoza. Majirani zetu wa Tanzania walipita njia inayofanana: tangazo la Benki Kuu la kukataza Novemba 2019, wito wa Rais kwa Benki Kuu ijiandae Juni 2021, kisha kodi ya asilimia 3 mwaka 2024. Shaka inayopokea kodi si shaka kamili.

Tunaipokea sheria ya 2025 kama mwanzo mwema. Itamsaidia kijana wetu anayelipwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa sasa atajua duka lipi lina leseni na lipi halina. Kama itamsaidia mama mweka hazina, hilo litategemea kanuni, na kanuni huandikwa na wale wanaofika kutoa maoni yao. Tumezoea kwamba mwaliko wa kutoa maoni huchapishwa kwa Kiingereza, kwenye ukurasa wa ndani wa gazeti, kwa siku chache. Tume iko tayari kuwatafsiria kila parokia itakayotuma watu wawili, mmoja wao akiwa mweka hazina wa chama.

Mtauliza kikundi kile kilifikia wapi. Baada ya kikao tuliandamana na akina mama watatu hadi kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alikuwa kijana mwenye heshima. Aliwaita mama, akawapa benchi. Akafungua kitabu cha matukio, akauliza jina la benki. Hakuna benki. Akauliza jina la kampuni. Hakuna kampuni. Akauliza ofisi iko wapi, na nani alitia sahihi risiti. Akauliza jina kamili la mshukiwa, na akina mama wakatazamana, kwa maana walimjua kwa jina la utani tu. Aliandika mistari minne, akawapa namba ya ripoti kwenye kipande cha karatasi. Mweka hazina alikikunja, akakitia ndani ya daftari la chama. Jumamosi zilizofuata wamekutana kama kawaida, sanduku katikati, funguo tatu kwa wanawake watatu, na hesabu inasomwa kwa sauti. Kipande kile cha karatasi nacho husomwa.